Mikono Juu ya Ukurasa: Uhakiki wa Programu ya StorySign na Funzo Lake kwa Vitabu vya Kiswahili vya Watoto Viziwi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki StorySign, programu ya simu iliyozinduliwa Desemba 2018 ili kuwasaidia watoto viziwi kusoma vitabu vya hadithi kwa kutumia uhalisia ulioongezwa. Uhakiki unaongozwa na maswali matatu: programu hii inamwongezea nini mtoto kiziwi anayesoma, inamwachia pengo gani, na je, muundo wake unaweza kuhamishiwa katika vitabu vya Kiswahili jinsi ulivyo? Makala yanaonesha kwamba StorySign imeligusa tatizo halisi, yaani kugawanyika kwa macho ya mtoto kati ya kitabu na mikono ya msimulizi. Hata hivyo, imelitatua kwa kukabidhi usimulizi kwa kikaragosi cha kidijitali na kwa kufungamanisha alama na neno lililochapishwa, uamuzi ambao katika Kiswahili unakwamishwa na muundo wa neno lenyewe. Inapendekezwa kwamba nchi za Afrika Mashariki zianze na video za wasimulizi viziwi wenyewe na kamusi za lugha za alama zilizokwisha kuandikwa, kabla ya kununua teknolojia iliyoundwa kwa ajili ya wasomaji wa mahali pengine.

1.0 Utangulizi

Mtoto anayesikia anaposomewa hadithi, macho yake hubaki kwenye picha huku masikio yakipokea maneno. Mtoto kiziwi hana nafasi hiyo. Akitazama picha, mikono ya msimulizi inampita. Akitazama mikono, picha inamsubiri. Msimulizi hodari wa lugha ya alama hulijua jambo hili na hupanga mwendo wa hadithi kulingana nalo: huonesha picha, hunyamazisha mikono, humsubiri mtoto ainue macho, ndipo huendelea. Wakati mwingine huleta alama hadi juu ya ukurasa wenyewe, ili picha na lugha vikae katika mtazamo mmoja. Hiyo ni stadi ya ufundishaji ambayo viziwi wamekuwa nayo kabla ya kuwapo kwa simu yoyote.

Teknolojia ya uhalisia ulioongezwa inaahidi kuifanya kazi hiyo kwa kifaa. Simu inaelekezwa kwenye ukurasa, kamera inautambua, na msimulizi wa kidijitali anatokea kwenye skrini akitoa hadithi kwa lugha ya alama. Ahadi hii imewavutia watunga sera katika nchi nyingi, kwa kuwa inaonekana kufidia upungufu mkubwa wa walimu wanaoimudu lugha ya alama. Katika ukanda wa Afrika Mashariki mvuto huo una sababu ya ziada. Rwanda iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia jambo kama hilo Julai 2022, likipendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kadiri Kiswahili kinavyoingia katika madarasa mapya, ndivyo swali la mtoto kiziwi katika somo hilo linavyozidi kuwa la lazima. Atakisomaje? Na nani atamfungulia kitabu?

Makala haya hayaulizi iwapo teknolojia ni nzuri au mbaya. Yanaichukua programu moja, yanaisoma kama inavyosomwa kazi yoyote ya sanaa na ya elimu, kisha yanapima kile ambacho Afrika Mashariki inaweza kuchukua na kile ambacho inapaswa kukiacha.

2.0 Istilahi na Mipaka ya Dhana

Katika maandishi ya Kiswahili dhana inayojadiliwa hapa huitwa kwa majina kadhaa. Wapo wanaosema uhalisia ulioboreshwa, wapo wanaosema ukweli ulioongezwa, na wapo wanaoichanganya na uhalisia pepe, ambao ni kitu kingine kabisa. Katika uhalisia pepe mtumiaji huvalishwa ulimwengu wa kubuni na mazingira yake halisi hufunikwa. Katika uhalisia ulioongezwa mazingira halisi hubaki, na kitu cha kidijitali huwekwa juu yake.

Uteuzi wa istilahi hapa si suala la ladha. Neno kuboresha limebeba hukumu: linamwambia msomaji kwamba kilichowekwa juu kimekifanya cha chini kuwa bora, hata kabla ya ushahidi kutolewa. Neno kuongeza linasema tu kilichotokea, na linaacha wazi swali la iwapo nyongeza hiyo inafaa. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia uhalisia ulioongezwa, na yanapendekeza istilahi hiyo ipewe kipaumbele katika nyaraka za sera, ambamo hukumu ya mapema huweza kugeuka kuwa bajeti.

Kuhusu maana, tafsiri inayotumika zaidi ni ya Ronald Azuma ya mwaka 1997. Kwa mujibu wake, mfumo wa uhalisia ulioongezwa una sifa tatu: unaunganisha kilicho halisi na kilicho cha kubuni, unaitikia papo hapo, na unafungamanisha kilichoongezwa na mahali pake katika nafasi halisi. Sifa ya tatu ndiyo yenye uzito kwa mtoto kiziwi. Thamani ya alama kutokea juu ya ukurasa inatokana na ukaribu wake na picha inayohusika. Ukaribu huo ukikosekana, kinachobaki ni video tu iliyofunguliwa kwa njia ndefu.

Ni muhimu pia kukumbuka kwamba mahitaji maalumu si kundi moja. Teknolojia inayotegemea macho haiwezi kumhudumia mtoto asiyeona kwa namna inavyomhudumia kiziwi. Kwa watoto wenye usonji, ushahidi ulio imara zaidi umetokana na miwani, si kitabu: watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2019 katika jarida la JAMA Pediatrics matokeo ya jaribio lililohusisha watoto 71 wa umri wa miaka 6 hadi 12, ambamo miwani ya Google Glass iliwasaidia watoto kutambua hisia katika nyuso za watu wa familia, na waliotumia miwani hiyo wakapiga hatua katika stadi za kijamii. Matokeo hayo hayawezi kunukuliwa kama hoja ya kununulia vifaa vya viziwi. Sera inayozungumzia uhalisia ulioongezwa kwa wanafunzi wenye mahitaji maalumu bila kutaja ni mahitaji gani bado haijaanza kusema jambo.

3.0 StorySign: Kazi na Mazingira Yake

StorySign ilitolewa na kampuni ya simu ya Huawei kwa ushirikiano na Umoja wa Viziwi wa Ulaya. Ilianza na lugha 10 za alama za Ulaya. Kikaragosi chake, kinachoitwa Star, kilisanifiwa na studio ya Aardman ya Uingereza, inayofahamika kwa filamu zake za vikaragosi vya udongo. Kitabu cha kwanza kilichochaguliwa ni Where's Spot? cha Eric Hill, kilichochapishwa mwaka 1980. Mzazi au mtoto hufungua kitabu cha karatasi, huelekeza simu kwenye ukurasa, na Star husimulia ukurasa huo kwa alama huku maneno yaliyochapishwa yaking'arishwa kufuata mwendo wa alama.

Sifa za kazi hii hazipaswi kupunguzwa. Kwanza, imekitambua kitabu cha karatasi kama kiini cha usomaji. Haikumwondoa mtoto kitabuni na kumpeleka kwenye mchezo wa skrini. Pili, imezichukulia lugha za alama kama lugha tofauti, kila moja na toleo lake, badala ya kudhani kwamba kuna lugha moja ya viziwi duniani. Dhana hiyo potofu bado husikika katika ofisi nyingi, zaidi ya miaka 60 tangu William Stokoe aoneshe, mwaka 1960, kwamba lugha ya alama ina muundo kamili wa kiisimu. Tatu, imemlenga mzazi pamoja na mtoto. Takwimu za Marekani zilizochambuliwa na Mitchell na Karchmer mwaka 2004 zilionesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi wana wazazi wanaosikia. Mzazi wa namna hiyo mara nyingi huanza safari ya lugha ya alama pamoja na mwanawe, na hadithi ya jioni ni mahali pazuri pa kuanzia.

4.0 Kitabu Kilichochaguliwa na Uso wa Msimulizi

Mhakiki wa fasihi ya watoto ataona haraka kwamba uteuzi wa Where's Spot? unaleta mtihani mgumu kuliko unavyoonekana. Hadithi yenyewe ni nyepesi: mbwa mama anamtafuta mwanawe nyumbani, mahali baada ya mahali, na kila anapotazama anakuta mnyama mwingine anayekana. Kwa lugha, basi, kitabu kizima kimejengwa kwa mambo mawili, maswali ya ndiyo au hapana na ukanushi.

Katika lugha za alama zilizochunguzwa na wanaisimu, mambo hayo mawili hubebwa kwa kiasi kikubwa na uso na kichwa. Nyusi huinuliwa kuonesha kwamba kauli ni swali la ndiyo au hapana. Kichwa hutikiswa kukanusha. Mikono inaweza kutoa alama zilezile, na uso ndio unaoamua kama ni taarifa au swali. Kwa maneno mengine, kitabu kilichoonekana kuwa rahisi kwa sababu kina maneno machache kimeweka mzigo wote wa sarufi mahali ambapo vikaragosi vya kidijitali vimekuwa vikilaumiwa kuwa dhaifu zaidi. Kikaragosi chenye mikono sahihi na uso uliokufa kingemfundisha mtoto maswali yasiyo maswali.

Jambo la pili linahusu umbo la kitabu. Where's Spot? ni kitabu cha vifuniko. Mtoto huinua kipande cha karatasi kwa kidole chake na kumkuta mnyama aliyejificha chini yake. Furaha ya kitabu imo katika tendo hilo la mkono. Sasa mkono mmoja umeshika simu, au simu imesimamishwa na mtu mzima, na mtoto anatakiwa kumtazama Star, kuuliza jibu, kuinua kifuniko na kumwona mnyama, kwa macho yaleyale. Tatizo la macho kugawanyika, ambalo teknolojia ilikuja kulitatua, limerudi likiwa na kitu cha tatu cha kutazamwa. Msimulizi wa kibinadamu angesubiri. Angeona kwamba mtoto bado anacheka chini ya kifuniko, naye angeshikilia mikono yake hewani hadi macho yarudi. Kusubiri huko ni sehemu ya lugha, na mtoto hujifunza kutokana nako jinsi mazungumzo yanavyopokezanwa.

5.0 Kikaragosi au Mtu?

Shirikisho la Viziwi Duniani pamoja na chama cha kimataifa cha wakalimani wa lugha za alama walitoa tamko la pamoja mwaka 2018 kuhusu vikaragosi vinavyotoa alama. Tamko hilo halikuvikataa moja kwa moja. Lilikubali kwamba vinaweza kufaa kwa taarifa fupi zisizobadilika, mfano zile za hotelini au katika stesheni za treni, iwapo viziwi wameshirikishwa. Lilionya dhidi ya kuvitumia badala ya wakalimani pale mawasiliano yanapokuwa hai na mazito.

Mtetezi wa StorySign anaweza kudai kwamba hadithi ya kitabu haibadiliki, kwa hiyo imo ndani ya kibali cha tamko. Hoja hiyo ina nguvu kwa sura yake, lakini inapuuza tofauti ya mpokeaji. Abiria anayesoma tangazo la treni kwa lugha ya alama tayari ana lugha. Alama ikiwa na kasoro, ataisahihisha kichwani kama msikiaji anavyosahihisha sauti ya kipaza sauti kibovu. Mtoto wa miaka mitatu au minne hana cha kusahihishia. Anachokiona ndicho kinachokuwa lugha yake. Kwa hiyo kipimo cha ubora kwa kitabu cha mtoto kinapaswa kuwa cha juu kuliko cha tangazo, ilhali wepesi wa maudhui huwashawishi wasanifu kudhani kwamba kinaweza kuwa cha chini.

Kuna pia suala la ajira na heshima. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 24, unazitaka nchi wanachama kuwezesha ujifunzaji wa lugha ya alama, kukuza utambulisho wa kiisimu wa jamii ya viziwi, na kuajiri walimu wenye ujuzi wa lugha ya alama, wakiwemo walimu wenye ulemavu. Kenya, Uganda na Rwanda ziliuridhia mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Mtoto kiziwi anayeona mtu mzima kiziwi akisimulia hadithi hujifunza lugha na hujifunza jambo jingine kubwa zaidi: kwamba anaweza kukua na kuwa mtu wa aina hiyo. Kikaragosi, hata kiwe kizuri namna gani, hakiwezi kumpa funzo hilo la pili. Nchini Kenya, eKitabu kupitia Studio KSL imeonesha njia nyingine, kwa kutengeneza hadithi za watoto zenye video za watu wanaosimulia kwa lugha ya ishara ya nchi hiyo. Njia hiyo haina mng'aro wa kikaragosi, lakini uso wa msimulizi umo ndani yake mzima.

6.0 Neno la Kiswahili Linapong'arishwa

Hadi hapa uhakiki umeitazama StorySign katika mazingira yake ya Ulaya. Likija suala la kuihamishia katika Kiswahili, kikwazo kipya kinajitokeza, nacho hakitokani na gharama wala mtandao. Kinatokana na neno.

Kung'arisha neno lililochapishwa sambamba na alama kunachukulia kwamba vipashio hivyo viwili vinalingana kwa kiasi. Hata katika Kiingereza ulinganifu huo ni wa mashaka, kwa kuwa lugha ya alama ina mpangilio wake wa sentensi. Katika Kiswahili mashaka yanakuwa muhali. Neno walimsomea ni moja kwenye ukurasa. Ndani yake mna watendaji, wakati uliopita, mtendewa, tendo la kusoma, na kauli ya kutendea inayoonesha kwamba usomaji ulifanywa kwa ajili ya mtu huyo. Katika lugha nyingi za alama wakati huwekwa kwa alama ya peke yake, aghalabu mwanzoni mwa kauli, na watendaji na mtendewa huoneshwa kwa kuwapa nafasi hewani, kisha tendo likaelekezwa kutoka nafasi moja kwenda nyingine. Programu ikiling'arisha neno zima muda wote huo, mtoto hawezi kujua ni silabi ipi inayobeba nini. Ikiling'arisha kwa vipande, inalazimisha alama zifuate mpangilio wa viambishi vya Kiswahili, na lugha ya alama inavunjwa ili kuitumikia maandishi.

Tatizo hili lina sura ya pili, yenye matumaini. Uhalisia ulioongezwa una uwezo wa kuonesha kitu kikiwa juu ya sehemu ndogo sana ya ukurasa. Kwa hiyo unaweza kutumika kufanya jambo ambalo ubao na chaki hulifanya kwa taabu: kuligawa neno. Mwanafunzi wa darasa la tatu au la nne ambaye tayari ameisikia hadithi kwa lugha yake ya alama, kwa mpangilio wa lugha hiyo, anaweza baadaye kuelekeza simu kwenye neno walimsomea na kuliona likifunguka, kila kiambishi na video fupi ya maana yake. Hatua hizi mbili zinapaswa kutenganishwa. Hadithi hutangulia ikiwa kamili katika lugha ya alama. Uchambuzi wa neno hufuata ukiwa somo la Kiswahili. StorySign imeziunganisha hatua hizo katika tendo moja, na hapo ndipo muundo wake usipofaa kuigwa.

7.0 Nafasi ya Mtoto Kiziwi katika Somo la Kiswahili

Uamuzi wa kiteknolojia hauwezi kutenganishwa na uamuzi wa mtaala, na nchi za ukanda huu hazifanani. Nchini Kenya, ambako ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inaitaka serikali kukuza lugha ya ishara ya Kenya, mtahiniwa kiziwi huweza kufanya mtihani wa lugha hiyo mahali pa Kiswahili. Utaratibu huo umeipa lugha ya ishara hadhi ya somo kamili, mafanikio yasiyo madogo. Wakati huohuo umeacha swali nyuma yake: kiziwi wa Kenya aliyeruka Kiswahili shuleni atasomaje tangazo, barua au gazeti la Kiswahili mtaani kwake? Nchini Tanzania hali ni kinyume. Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi, kwa hiyo mtoto kiziwi hukutana nacho katika kila somo kwa maandishi, akiwa amekipata au hajakipata kwanza kama lugha. Uganda inaelekea kuongeza Kiswahili kwa wanafunzi viziwi ambao tayari wanabeba lugha ya alama ya Uganda na maandishi ya Kiingereza.

Programu moja ya kikanda ya vitabu vya Kiswahili kwa viziwi ingelazimika kuzihudumia hali hizi tatu. Kwa Mkenya ingekuwa mlango wa hiari wa kusoma Kiswahili. Kwa Mtanzania ingekuwa nyenzo ya msingi ya darasa la kwanza. Kwa Mganda ingekuwa njia ya kumlinda mtoto asigeuziwe somo jipya kuwa adhabu mpya. Lugha za alama za nchi hizi nazo ni tofauti, kwa hiyo maandishi yanaweza kuwa yaleyale lakini msimulizi hawezi kuwa mmoja. Mshauri wa sera anayeahidi toleo moja kwa Jumuiya nzima kwa sababu Kiswahili ni kimoja atakuwa amezisahau lugha ambazo mtoto anazitumia kukielewa.

Mazingira ya matumizi nayo yanatofautiana na yale ya Ulaya. StorySign inamwona mtoto kitandani, mzazi pembeni, simu mkononi. Watoto viziwi wengi wa ukanda huu husoma katika shule za bweni, kuanzia kizazi cha shule ya viziwi ya Tabora iliyoanzishwa mwaka 1963, na shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu. Bwenini, anayempa mtoto mdogo lugha ni mwanafunzi aliyemtangulia. Likizo inapofika, mtoto hurudi kwa wazazi wenye simu wasiojua alama hata moja. Kwa hiyo kifaa kimoja kingetakiwa kufanya kazi mbili zilizo tofauti: shuleni, kishikwambi cha maktaba kinachofanya kazi bila intaneti na kinachotumiwa na kikundi, nyumbani, simu ya mzazi inayomfundisha mzazi kwanza.

8.0 Uhai wa Teknolojia

Kigezo ambacho husahaulika wakati wa uzinduzi ni umri wa bidhaa. Kampuni ya Metaio ya Ujerumani, iliyokuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa zana za uhalisia ulioongezwa, ilinunuliwa na Apple mwaka 2015, na huduma zake kwa umma zikafungwa mwaka huohuo. Miwani iliyotumika katika utafiti wa Stanford uliotajwa hapo juu haiuzwi tena. Google ilisitisha mauzo yake Machi 2023, miaka minne tu baada ya matokeo kuchapishwa. Kitabu cha karatasi cha mwaka 1980 bado kinafunguka. Wizara inayoweka somo la watoto ndani ya bidhaa ya kampuni inapaswa kuuliza siku ya kusaini, na isisubiri siku ya kufungwa: video ni mali ya nani, na je, zitaendelea kuonekana programu ikiondolewa sokoni?

Jibu salama ni kutenganisha hazina na mlango. Hazina ni video za wasimulizi viziwi, zilizohifadhiwa na taasisi ya umma katika muundo wa kawaida unaochezwa na kifaa chochote. Mlango ni programu inayoutambua ukurasa na kuifungua video. Mlango unaweza kubadilishwa kila baada ya miaka michache, hazina hubaki.

9.0 Mapendekezo

Kutokana na uhakiki huu, watafiti na washauri wa sera wanaweza kupima mradi wowote wa uhalisia ulioongezwa kwa watoto viziwi kwa vigezo vitano:

(i) Hadithi itolewe kwanza kwa lugha ya alama ya nchi husika, kwa mpangilio wa lugha hiyo, na msimulizi awe mtu kiziwi.

(ii) Uchambuzi wa neno la Kiswahili uwe hatua ya pili, na uoneshe viambishi badala ya neno zima.

(iii) Kitabu kichaguliwe kwa kuzingatia macho na mikono ya mtoto, si uchache wa maneno pekee.

(iv) Programu ifanye kazi bila intaneti, kwa kikundi shuleni na kwa mzazi nyumbani.

(v) Video ziwe mali ya umma, na vyama vya viziwi viwe na kauli ya mwisho kuhusu usahihi wake.

Mahali pa kuanzia papo tayari. Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania mwaka 2004, na kamusi ya Lugha ya Alama ya Uganda ilichapishwa mwaka 2006. Udhaifu wa kamusi zote za karatasi za aina hii unafahamika: alama ni mwendo, na mchoro umesimama. Mishale inayochorwa kuonesha mwendo humsaidia anayeijua alama na humkanganya anayeitafuta. Hapo uhalisia ulioongezwa unaleta nyongeza ya kweli, kwa kuwa simu ikielekezwa kwenye mchoro inaweza kuuonesha mkono uleule ukitembea. Mzazi anayesikia, mwalimu mpya na mwanafunzi wa Kyambogo, Patandi au KISE wote wangefaidika, na kazi yenyewe ingeanza na maarifa yaliyokwisha kukusanywa hapa.

10.0 Hitimisho

StorySign imefanya jambo ambalo vitabu vingi vya watoto havijawahi kulifanya: imemtambua mtoto kiziwi kama msomaji. Kwa hilo inastahili kusomwa kwa makini. Usomaji huo makini umeonesha kwamba ilichopeleka juu ya ukurasa ni mikono iliyofungwa kwenye maneno, bila uso unaoweza kuhakikishwa na bila subira ya msimulizi. Kwa Kiswahili, ambacho neno lake moja hubeba sentensi, ufungaji huo hauwezekani. Vyombo vinavyosimamia ukuzaji wa Kiswahili katika ukanda huu vina nafasi ya kuanza kwa upande wa pili, kwa kumweka msimulizi kiziwi mbele ya kamera kwanza, kisha kuuliza ni kifaa gani kitamfikisha kwa mtoto. Mpangilio huo ukigeuzwa, vifaa vitapatikana, na mtoto ataendelea kusubiri mtu wa kumsimulia.